Bingwa wa vyuo Marekani: kwa nini alitafutwa kwa kura, na mechi za bakuli zina kazi gani sasa

Januari 2026, kwenye taarifa ya michezo ya asubuhi, nilisoma habari fupi tu: Chuo Kikuu cha Indiana kimekuwa bingwa wa mpira wa vyuo nchini Marekani baada ya kuifunga Miami 27–21. Nikaendelea na ligi yetu. Kabla taarifa haijaisha, ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio kutoka kwa msikilizaji wa Bunda: "Dada, habari ya kazi. Hao ni wanafunzi kweli? Na hiyo robo fainali umesema waliicheza kwenye bakuli, bakuli gani?"

Nilimjibu hewani kwa dakika mbili, na dakika mbili hazikutosha. Maswali yakazidi. Ndiyo maana naandika hapa kwa nafasi, kwa sababu ndani ya swali la bakuli kuna ugomvi wa miaka mingi: timu imecheza msimu mzima, haijafungwa na mtu, halafu inaambiwa bingwa ni mwingine. Inawezekanaje?

Mpira wenyewe

Huu si mpira wetu. Ni ule wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa, mpira wenye umbo la yai, watu 11 kila upande. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani unapata pointi 6, ndiyo maana unasikia matokeo ya 42–35. Wamarekani wanauita mpira wa miguu ingawa muda mwingi uko mikononi. Mimi hapa nitauita futiboli, tusije tukachanganya na soka.

Wanaocheza ni wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini usifikirie bonanza la chuo lenye turubai na spika mbili. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unaingiza 60,000. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo.

Na michezo hii ya vyuo si migeni kwetu. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Hasheem Thabeet alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Vyuo hivi viwili viwekeni akilini, vitarudi.

Bakuli lilitoka wapi

Mji wa Pasadena, California, una sherehe ya maua kila Mwaka Mpya. Mwaka 1902 waandaaji waliongeza mechi ya futiboli ili kuvuta watu. Michigan iliifunga Stanford 49–0, na Stanford wakaomba mechi imalizwe zikiwa zimebaki dakika nane. Waandaaji waliona aibu hiyo inatosha. Miaka iliyofuata wakaleta mashindano mengine, hata ya magari ya kukokotwa na farasi, mpaka futiboli iliporudi mwaka 1916.

Baadaye ukajengwa uwanja mkubwa wenye umbo la bakuli, na tangu 1923 mechi ikachezwa humo na kuitwa Rose Bowl, yaani Bakuli la Waridi. Miji mingine ikaona biashara. Miami ikaanzisha Orange Bowl, bakuli la machungwa, kwa sababu Florida inalima machungwa. New Orleans ikaanzisha Sugar Bowl, bakuli la sukari, kwa sababu Louisiana inalima miwa. Hizo zilianza 1935. Dallas ikafuata mwaka 1937 na Cotton Bowl, bakuli la pamba. Sisi wa Kanda ya Ziwa tungeanzisha letu leo, jina tayari limeshachukuliwa. El Paso nayo ina Sun Bowl, bakuli la jua, na uwanja wake uko ndani ya chuo kile kile alichosoma Nyambui.

Kwa hiyo mechi ya bakuli ilikuwa zawadi. Timu imefanya vizuri, inaalikwa mahali penye jua wakati kwao kuna theluji, mashabiki wanapanda treni, hoteli zinajaa, Mwaka Mpya unaanza kwa mpira. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria Kombe la Mapinduzi Zanzibar kila Januari: lina heshima yake na raha yake, lakini hakuna anayesema aliyelichukua ndiye bingwa wa nchi.

Tatizo ni kwamba Marekani hakukuwa na kitu kingine cha kumpata bingwa wa nchi.

Kura badala ya uwanja

Ligi yetu Kuu ina timu 16. Kila moja inakutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 30. Mwisho unahesabu pointi, bingwa unamwona. Huhitaji kamati.

Vyuo vya daraja la juu la futiboli Marekani ni zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu kabla ya Desemba, kwa sababu mchezo huu unaumiza na mwili unahitaji wiki nzima kupona. Vyuo vimegawanyika katika ligi za kanda, na timu nyingi hazikutani kabisa. Timu mbili, tatu, hata tano zinaweza kumaliza bila kufungwa.

Basi tangu 1936 waandishi wa michezo wakawa wanapiga kura kupitia shirika la habari la AP. Mwaka 1950 makocha nao wakaanza kura yao. Na kwa muda mrefu kura ya mwisho ilipigwa kabla ya mechi za bakuli, kwa kuwa bakuli lilihesabiwa kuwa sherehe. Mwaka 1973 makocha walishaitangaza Alabama bingwa. Alabama ikaenda Sugar Bowl, ikafungwa na Notre Dame 24–23. Ikabaki bingwa wa makocha vile vile. Msimu uliofuata makocha walisogeza kura yao hadi baada ya bakuli, na sidhani kama kuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Lakini kusogeza kura hakukutosha, kwa sababu mabakuli yalikuwa na mikataba na ligi za kanda. Bingwa wa kanda hii anakwenda bakuli hili, awe na hamu ya kukutana na mwingine au asiwe nayo. Msimu wa 1997 Michigan ilishinda mechi zote. Mkataba ukaipeleka Rose Bowl, ikaifunga Washington State 21–16. Nebraska nayo ilishinda zote, ikaenda Orange Bowl, ikaifunga Tennessee 42–17. Timu mbili hazijafungwa, na hakuna aliyezikutanisha. Waandishi wakasema bingwa ni Michigan, makocha wakasema Nebraska. Kila upande una kikombe chake hadi leo.

Mwaka 1998 ukaja mfumo mpya: kura zichanganywe na hesabu za kompyuta, zipatikane timu mbili za kucheza fainali. Mbili tu. Msimu wa 2003 USC ilikuwa ya kwanza kwa waandishi na ya kwanza kwa makocha, lakini hesabu ya jumla ikaiweka ya tatu. Ikabaki nje. Msimu wa 2004 Auburn ilishinda mechi zote 13, lakini nafasi mbili zilikwisha kushikwa na USC na Oklahoma, nazo zilikuwa hazijafungwa. USC ikashinda 55–19. Miaka kadhaa baadaye mfumo uliivua USC ubingwa huo kwa sababu mchezaji wake alipokea zawadi zilizokatazwa kwa wanafunzi, na nafasi ikaachwa tupu. Hata hapo Auburn haikupewa.

Mimi kisa kinachoniuma zaidi ni cha Utah msimu wa 2008. Utah haikutoka katika ligi za kanda kubwa. Ilishinda kila mechi, ikapelekwa Sugar Bowl kukutana na Alabama yenye jina kubwa, ikaifunga 31–17. Mechi 13, ushindi 13. Bingwa akawa Florida, aliyekuwa amefungwa mara moja. Hebu fikiria wewe ni kijana wa timu ile. Umeambiwa toka Agosti kwamba ukishinda zote utakuwa bingwa. Umeshinda zote. Kumbe hata ungefanya nini, mlango haukuwepo. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Utah alianza kuchunguza kama mfumo unavunja sheria za ushindani wa biashara, na Barack Obama, akiwa rais mteule, alisema hadharani kwamba anataka mtoano wa timu nane.

Waliokataa mtoano walisema nini

Walikuwa na hoja, na si zote za kupuuza.

Ya kwanza ilikuwa masomo: mtoano utawaweka wanafunzi nje ya darasa. Hii ilikuwa dhaifu. Vyuo vidogo vya madaraja ya chini vilikuwa na mtoano tangu 1973, na daraja linalofuata chini ya lile la juu tangu 1978. Wanafunzi wale nao wana mitihani.

Ya pili ilikuwa na uzito. Kwa kuwa timu mbili tu zilipata fainali, kila Jumamosi ilikuwa kama mtoano. Ukifungwa Septemba, umeharibu mwaka. Ukiruhusu timu nyingi, mechi ya Oktoba inapoteza makali.

Ya tatu naipenda kuliko zote. Katika mtoano, timu moja inamaliza msimu ikicheka na nyingine zote zinamaliza zikilia. Katika mechi za bakuli, nusu ya timu zinamaliza msimu kwa ushindi. Kijana wa mwaka wa nne ambaye hatacheza tena maishani anavua kofia yake akiwa mshindi, wazazi wamesafiri kumwona, amepigwa picha. Kwa walio wengi hilo ndilo kumbukumbu, kwa sababu wachezaji wengi wa vyuo hawafiki kwenye ligi ya kulipwa.

Hoja ya nne ilikuwa fedha za miji na vyuo, na hapa niseme wazi: zawadi hiyo wakati mwingine iligeuka deni. Waandaaji wa bakuli huitaka timu inunue idadi fulani ya tiketi. Januari 2011 chuo cha Connecticut, kile cha Thabeet, kilialikwa Fiesta Bowl huko Arizona, ng'ambo ya pili ya nchi. Kilitakiwa kuchukua tiketi 17,500. Mashabiki hawakuweza kusafiri umbali ule, tiketi nyingi zikabaki, timu ikafungwa na Oklahoma 48–20, na chuo kikarudi na hasara ya zaidi ya dola milioni 1. Ni sawa na kualikwa harusi halafu ukadaiwa pesa ya viti ambavyo ndugu zako hawakukalia.

Wakakutana katikati

Juni 2012 viongozi wa vyuo walikubali mtoano wa timu nne kuanzia msimu wa 2014. Mabakuli hayakufutwa. Sita makubwa, yaani Rose, Sugar, Orange, Cotton, Fiesta na Peach, yakawa yanapokezana kuandaa nusu fainali. Mengine yakabaki sherehe kama zamani. Ukihesabu yote yalikuwa karibu 40. Timu nne zilichaguliwa na kamati ya watu 13. Kwa hiyo kura haikuondoka, ilipungua tu.

Mwaka wa kwanza mtoano ulijitetea wenyewe. Ohio State iliingia ikiwa ya nne, ya mwisho. Warusha mpira wake wawili walikuwa wameumia, akasimama kijana wa tatu kwenye foleni. Wakaifunga Alabama 42–35 ndani ya Sugar Bowl, kisha Oregon 42–20 kwenye fainali. Chini ya mfumo wa zamani wasingekaribia hata mlango wa fainali.

Sasa weka kisa hicho karibu na cha 2023. Florida State ilishinda mechi zote 13 na kuchukua ubingwa wa kanda yake. Mrusha mpira wake mkuu akavunjika mguu Novemba. Kamati ikaiacha nje, ikisema bila yeye timu si ile ile. Ohio State ilitwaa kombe na mrusha mpira wa tatu, Florida State haikuruhusiwa hata kujaribu. Ikapelekwa Orange Bowl kucheza na Georgia. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza. Matokeo yakawa 63–3.

Matokeo hayo yanaonyesha kile ambacho mtoano umeyafanyia mabakuli. Ukishatangaza kwamba mechi fulani ndizo zenye maana, umetangaza pia kwamba nyingine hazina. Na mchezaji ana hesabu zake. Tarehe 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia vibaya goti kwenye Fiesta Bowl iliyokuwa nje ya mtoano. Alitarajiwa kuchaguliwa mapema kabisa kwenye ligi ya kulipwa, akaanguka mpaka raundi ya pili, akakaa msimu mzima bila kucheza. Desemba ile ile ya mwaka huo, Leonard Fournette na Christian McCaffrey walitangaza hawatacheza mechi zao za bakuli. Walilaumiwa kwamba wamewaacha wenzao. Aprili wote wawili walichaguliwa ndani ya nane bora. Tangu hapo limekuwa jambo la kawaida, na mimi siwalaumu: enzi hizo mchezaji alipewa ada ya masomo na matunzo tu, wakati kila mtu mwingine uwanjani pale analipwa. Ruhusa ya kupata fedha kwa jina na picha yao ilikuja Julai 2021, na vyuo vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja kuanzia 2025 tu.

Sasa ni timu 12

Tangu msimu wa 2024 mtoano una timu 12. Msimu wa 2024 na wa 2025 mabingwa watano bora wa kanda walikuwa na nafasi ya uhakika, kwa hiyo chini ya kanuni hiyo Utah ya 2008 ingekuwa na mlango. Timu nne za juu zinapumzika raundi ya kwanza. Timu ya 5 hadi ya 8 zinawakaribisha wapinzani nyumbani kwao, kwenye uwanja wa chuo. Robo fainali na nusu fainali zinachezwa kwenye yale mabakuli sita. Hilo ndilo bakuli alilouliza msikilizaji wangu: Indiana walicheza robo fainali Rose Bowl, wakaifunga Alabama 38–3.

Mechi za nyumbani za Desemba 2024 zilikuwa tamu kwa kelele, na wenyeji wote wanne walishinda. Cha ajabu, timu zote nne zilizopumzishwa zilifungwa zilipoingia robo fainali. Msimu uliofuata zilifungwa tatu kati ya nne. Aliyebaki ni Indiana, akaenda mpaka kombe akiwa ameshinda mechi 16 kati ya 16.

Mechi 16. Hapo ndipo mimi nasita. Ohio State nayo ilicheza 16 ilipochukua ubingwa wa 2024. Sababu ya kucheza mechi 12 ilikuwa mwili. Wanaotaka mtoano uongezwe hadi timu 16 au zaidi wanazungumzia haki na fedha za televisheni, goti la kijana wa miaka 20 linatajwa mwishoni kama linatajwa.

Na kamati bado inaacha mtu nje. Desemba 2025 Notre Dame ilikuwa ya kwanza kukosa. Ikakasirika, ikakataa kwenda bakuli lolote. Miaka ya nyuma chuo kingeona fahari kualikwa.

Ningepewa mimi kupanga, mtoano ungebaki timu 12, na robo fainali ningezihamishia nyumbani kwa timu za juu, vyuoni, shabiki asilazimike kusafiri mara tatu kwa mwezi mmoja kufuata robo, nusu na fainali. Mabakuli ningeyaachia nusu fainali na sherehe zake za zamani, na chuo kisilazimishwe kununua tiketi. Rose Bowl inabaki Mwaka Mpya, machana ya California, milima nyuma ya uwanja. Wapenzi wa futiboli wengi wa kule watanipinga hapo pa robo fainali, kwa kuwa miji ya bakuli ina sauti kubwa na mikataba mirefu.

Kwa msikilizaji wa Bunda: ndiyo, ni wanafunzi. Ukitaka kuwaona, mechi ya Rose Bowl ikianza mchana kule, kwetu ni usiku mkubwa wa kuamkia tarehe 2 Januari. Chaji simu mapema.